Nna leseni ya urubani ya TCAA (mamlaka ya anga ya Tanzania), Ulaya wataikubali?

SWALI: Shikamoo Kapteni. Nna miaka 27, nipo Zanzibar, nna CPL (leseni ya rubani wa biashara) ya Tanzania na masaa 1,400, karibu yote ya ndege ndogo ya Caravan, asubuhi Arusha, mchana Seronera, jioni narudi kisiwani. Dada yangu yuko Ujerumani ananiambia niende huko nikarushe ndege kubwa. Hivi nikilipa ada wananipa leseni yao au naanza moja?
Kijana wa Caravan

JIBU: Marahaba mwanangu. Huanzi moja, ila kulipa ada tu haitoshi. Leseni yako ni ya viwango vya ICAO, shirika la anga la kimataifa, kwahiyo masaa yako yanahesabika, lakini kurusha ndege za Ujerumani lazima uwe na leseni ya EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, na hapo pepa zote 13 za nadharia unazikalia upya hata kama hali ya hewa na sheria za anga ulishafaulu huku, kila pepa asilimia 75, na ukishakaa ya kwanza una miezi 18 tu kuzimaliza zote, ukifeli pepa moja mara nne zile ulizofaulu nazo zinaondoka. Ukimaliza ndo unaenda kwenye mtihani wa kurusha wenyewe. Uzuri wake ukiipata Ujerumani unaitumia mpaka Hispania, Uingereza hapana, wao walijitoa mwisho wa 2020 wana leseni yao.

Sasa nakuomba sana, kabla hujatuma hata senti kwa chuo, kapime kwanza medikali ya Klasi 1 (vipimo vya afya vya marubani wa kazi) huko huko Ulaya. Kuna kijana namfahamu familia iliuza kiwanja wakalipa ada yote, kuja kupimwa macho akakataliwa. Iliniuma mno.

La pili ni kibali. Dada kuwa huko hakukupi wewe haki ya kufanya kazi, na makampuni mengi ya Ulaya swali la kwanza ni hilo, uwe na leseni nzuri vipi. Ghuba ni tofauti, Emirates na Qatar Airways wanaajiri marubani wa kila nchi na visa wanashughulika wao, ila wanataka mtu mwenye masaa ya ndege kubwa.

Na hapo ndo naona tatizo lako lilipo hasa. Caravan inakufundisha kazi kweli, viwanja vya vumbi, upepo, maamuzi peke yako, lakini ni injini moja na rubani mmoja. ATPL ya EASA, ile leseni ya juu ya kuwa kapteni wa ndege kubwa, inataka masaa 1,500 na kati ya hayo 500 uwe umeruka kwenye ndege ya marubani wawili. Mimi ningekuwa wewe ningeomba kwanza ndege za marubani wawili, ATR za Precision au Dash 8 za Air Tanzania, nikae kiti cha kulia cha rubani msaidizi miaka miwili mitatu, huku jioni nasoma zile pepa taratibu.

Halafu logibuku yako, kitabu cha kuandikia masaa, ipige picha kila ukurasa wiki hii hii, maana Wajerumani wataiandikia TCAA kuthibitisha leseni na masaa, na ukurasa ukipotea utahangaika sana.