Kumzika ndugu asiye na dini bila kumwacha mama yake peke yake

Mtu wa Mwanza akiacha kanisa au msikiti, swali linalowaumiza nduguze si kama Mungu yupo. Wanauliza: "Sasa huyu atazikwa na nani?" Ni swali la haki. Waumini wenzake ndio ambao wangeleta nyimbo, wapishi na maneno ya kaburini. Akiondoka kwao bila kujiandaa, mzigo wote unamwangukia mama akiwa analia.

Kosa kubwa ni kuficha matakwa ya mazishi ndani ya wosia. Wosia kwa kawaida hufunguliwa watu wakishatoka makaburini. Andika barua ya pembeni, ukurasa mmoja: uzikwe wapi, nani aongoze, nani wazungumze. Mashahidi wawili watie saini. Nakala moja mpe mwenza wako, moja rafiki atakayeongoza, na moja mkubwa wa ukoo ambaye neno lake linasikilizwa. Huyo wa mwisho mweleze mwenyewe, ana kwa ana, zaidi ya mara moja. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wako wa imani na uchaguzi katika mambo ya dini, lakini siku ya msiba anayeamua pale chini ya turubai ni baba mkubwa.

Tafadhali usiandike "pasisaliwe kabisa". Mama ana haki ya kuomboleza kwa njia anayoijua. Sala ziwe nyumbani, usiku wa kuamkia mazishi. Kaburini ufuatwe utaratibu wako.

Jiunge mapema na kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaa, kisichoangalia dini, na usome katiba yake kuhusu michango na faini za kutohudhuria. Kisha nenda kwenye misiba ya wenzako: lala matangani, beba maji, panga viti. Wakisali, inamisha kichwa ukae kimya. Huo si unafiki, ni kumheshimu mfiwa.

Kama kaburi ni la nyumbani kwenye vilima vyetu vya mawe, wachimbaji waanze siku moja kabla, wakiwa na mitaimbo na nyundo. Mwamba ukitokea kwenye futi ya pili, lazima pawe na muda wa kusogeza shimo.

Ibada ya kiraia, yaani ya kumwaga marehemu bila dini, inatosha dakika 40. Mwongozaji afungue kwa kusema wazi kwamba marehemu hakuwa na dini na aliomba kuagwa hivi. Watu wakiambiwa mapema hawanong'oni. Wasifu usizidi maneno 600, uwe na mambo yanayoonekana: alikuwa anatengeneza nyavu za nani, alimsomesha nani, alikuwa anacheka namna gani. Wazungumzaji watatu, dakika tatu kila mmoja, na aliyezoea vikao vya ukoo azungumze wa mwisho.

Ukimya ndio sehemu inayoharibika zaidi. Mwongozaji akisema tu "tunyamaze", haipiti nusu dakika mtu anaanzisha pambio, kwa sababu kwetu kimya cha kaburini kinatisha. Aseme hivi: "Tutakaa kimya dakika moja. Mwenye sala yake aisali moyoni. Asiye nayo amkumbuke." Ashike saa mkononi, kisha akivunje kimya yeye mwenyewe kwa sauti ya chini.

Pengo jingine ni wakati wa kufukia. Weka koleo tano au sita ili watu wapokezane, na watu wanne waliofanya mazoezi waongoze wimbo. Kwa familia ya Kisukuma, waulize wazee nyimbo za kilimo. Wafuasi wa ngoma za Bagika na Bagalu wanazo nyingi, na mama atajua viitikio vyake. Mwenza na watoto watie udongo kwanza, kila mmoja kwa mkono wake, bila kuharakishwa.

Siku ya arobaini msiiache. Hitaji la kukumbuka halihitaji imani: kwenye makaburi ya Igoma, hapa Mwanza, wamelala watu wa meli ya MV Bukoba iliyozama 21 Mei 1996, wengine hawakutambuliwa hata majina, na bado wanakumbukwa. Kutaneni alfajiri ufukweni, kabla ya jua kali, mgawane chai na maandazi. Mmoja ausome tena ule wasifu, na safari hii kila mtu aongeze alichokisahau siku ya mazishi.