Maswali na Majibu: Mfuko wa stoma unaovuja na ngozi inayochubuka

Swali: Baba yangu alipasuliwa wiki saba zilizopita na sasa ana ileostomia, yaani utumbo mwembamba umetolewa nje ya tumbo; ncha yake inayoonekana nje ndiyo stoma, na choo hutoka hapo kuingia mfukoni. Mwezi wa kwanza mfuko ulikaa vizuri. Siku hizi unavuja karibu kila usiku kwa upande wa chini, ngozi imekuwa nyekundu, inatoa majimaji, naye analalamika kwamba inamchoma. Tumezungushia plasta pembeni mwa bamba la kunata linaloushikilia mfuko kwenye ngozi, lakini wapi! Tunakosea nini?

Jibu: Poleni kwa kuuguza, na baba mpe pole zetu. Hizo plasta zitoeni kwanza. Haziuzuii uvujaji, zinauficha tu: choo kinaendelea kupenya chini ya bamba bila nyinyi kukiona, kinakaa juu ya ngozi usiku kucha. Choo cha utumbo mwembamba kinatoka kikiwa bado na vimeng'enya vya kusaga chakula, na vikigusa ngozi huanza kuisaga nayo. Saa chache zinatosha kuichubua.

Tunachokishuku zaidi ni tundu la bamba. Baada ya upasuaji stoma huwa imevimba, kisha husinyaa kwa muda wa wiki 6 hadi 8. Kama bado mnakata kwa kipimo mlichopewa hospitali, tundu sasa limezidi, na ngozi iliyobaki wazi kuizunguka stoma ndiyo inayoungua. Pimeni leo, kisha kila wiki mpaka kipimo kitulie. Tundu liizidi stoma kwa milimita 2 au 3 tu. Stoma nyingi si duara kamili, kwa hiyo chora umbo lake kwenye karatasi laini ya nailoni, ukate kwa kufuata mchoro huo. Msilibane mno pia: ukingo wa bamba ukiisugua stoma huweza kuijeruhi, na stoma yenyewe haisikii maumivu, hivyo baba hatajua.

Mkibandua bamba, msilitupe kabla ya kulitazama mgongoni. Palipolainika na kuyeyuka ndipo choo kinapopitia. Kwa kuwa kwenu ni chini, mwambieni baba aketi na kuinama kidogo, mwangalie ngozi ya upande huo. Mara nyingi mtaona mkunjo au kibonde ambacho hakionekani akiwa amelala chali. Hapo panajazwa kwa kipande cha pete ya kuzibia, au kwa pesti ya stoma. Pesti ni ya kujazia, si gundi. Ukiipaka nyingi bamba linateleza badala ya kushika. Tena chagueni isiyo na spiriti, kwani yenye spiriti itamchoma vibaya kwenye ngozi iliyochubuka.

Badilisheni asubuhi kabla hajala wala kunywa chochote, maana ndipo stoma inapotulia. Bandua kuanzia juu kushuka chini, mkono mmoja ukiibonyeza ngozi, mwingine ukilivuta bamba polepole. Osha kwa maji ya uvuguvugu peke yake. Sabuni yenye mafuta, losheni na vitambaa vya kufutia watoto huacha utando, na juu ya utando bamba halishiki. Kausha kwa kugusagusa, bila kusugua, huku kipande cha shashi kimewekwa juu ya stoma kunyonya kinachotoka.

Kwa ile sehemu iliyochubuka, nyunyiza poda ya stoma, iache inyonye majimaji, kisha pukuta yote iliyozidi. Juu yake gusagusa kwa kimiminika cha kukinga ngozi kisicho na spiriti, usubiri kikauke. Rudia mara mbili au tatu hadi ngozi ipate gamba jembamba kavu. Poda isiyopukutwa ni chanzo kipya cha kuvuja, na wengi hukosea hapo. Kisha pasha bamba joto kati ya viganja, libandike, libonyeze kuanzia karibu na stoma kwenda nje, na baba aweke kiganja juu yake kwa dakika 5 akiwa ametulia.

Mkifanya haya na bado linavuja, au kama stoma imekuwa bapa au imezama chini ya usawa wa ngozi, huenda anahitaji bamba lenye mbinuko (lililotokeza upande wa ngozi) na mkanda. Hilo lichagueni pamoja na muuguzi wa stoma, kwa sababu mbinuko usiofaa hugandamiza ngozi mpaka ikatoa kidonda.

Swali: Mimi sivuji kabisa, lakini ngozi chini ya bamba inawasha. Nimeambiwa ni mzio, nibadilishe aina ya mfuko. Ni kweli?

Jibu: Inategemea ramani ya wekundu wenyewe. Mzio huchora umbo la kile kinachokugusa: wekundu unaishia pale pale bamba linapoishia. Wekundu unaowasha wenye vipele vidogo vilivyotawanyika nje ya ukingo wake kwa kawaida ni fangasi, ambao hupenda joto na jasho. Mwombe daktari dawa ya fangasi ya unga. Krimu itazuia bamba kunata. Vipele kwenye mashina ya vinyweleo hutokana na kunyoa au kung'oa nywele wakati wa kubandua. Zipunguze kwa mkasi au mashine, uachane na wembe.

Swali: Nina kolostomia, yaani utumbo mpana ndio uliotolewa nje ya tumbo. Choo hakishuki mfukoni, kinajikusanya juu hadi kinalisukuma bamba.

Jibu: Mfuko umejibana kwa kukosa hewa. Puliza hewa kidogo ndani kabla ya kuubandika, tia matone ya mafuta maalumu ya mfuko (yasiguse sehemu ya kunata), na uzibe chujio (kitundu cha mfuko cha kutolea hewa) kwa stika yake ili hewa isitoke yote. Choo kikiwa kigumu, ongeza maji ya kunywa, isipokuwa kama daktari amekuwekea kiwango.

Swali: Nibadilishe kila baada ya siku ngapi, na damu ninayoiona nikiosha ni hatari?

Jibu: Kwa mfuko wa kumwaga, bamba hudumu siku 3 au 4 kwa watu wengi. Likianza kuwasha au kuchoma, badilisha siku hiyo hiyo. Mwaga mfuko ukifika theluthi moja, usingoje ujae, maana uzito huling'oa bamba.

Damu kidogo kwenye shashi unapofuta stoma ni kawaida. Nenda hospitali bila kuchelewa kama damu inatoka ndani ya tundu la stoma au haikomi ukibonyeza kwa dakika kadhaa, kama stoma imegeuka zambarau iliyoiva au nyeusi, au kama ileostomia imeacha kutoa choo kwa saa kadhaa huku tumbo likisokota na unatapika.