Nakshi Iliyolika Kwenye Kitako cha Bunduki

SWALI: Bunduki ya marisau niliyorithi kwa marehemu baba, ambayo nina cheti cha kuimiliki, imelika nakshi ya mistari iliyokatana kwenye shingo ya kitako, hata mkono unateleza. Seremala mmoja ananishauri niipige msasa yote kisha nipake vanishi. Je, naweza kuikata upya kwa tupa ya pembetatu? – Msomaji, Njoro, Nakuru.

JIBU: Ndugu msomaji, msasa usiukaribishe hapo, kwa maana utafuta mabaki ya mistari ya zamani, nayo ndiyo yatakayokuongoza. Fungua kitako, na sehemu za chuma zibaki kabatini chini ya kufuli.

Kinachojaza mifereji kwa kawaida ni mafuta yaliyoganda pamoja na jasho. Lowesha kwa tapentaini, sugua kwa mswaki ukifuata mistari, kisha uache mbao ikauke. Huenda ukakuta kina kilichobaki kinatosha kabisa kukuongoza. Halafu hesabu mistari: ikiwa ni 20 kwa inchi, nafasi kati ya mmoja na mwingine ni takriban milimita 1.27, na hapo mkono unaotetemeka hausamehewi.

Tupa ya kunolea msumeno ina pembe ya nyuzi 60, ambayo inafaa, ila kwa kuwa imenyooka haiwezi kufuata mviringo wa shingo. Tafuta kifaa cha kukatia nakshi, kinachokata mstari mmoja kwa wakati na chenye meno mafupi, au tupa ndogo iliyopashwa moto, ikapindwa ncha, kisha ikarudishiwa ugumu wake. Palipofutika kabisa hutumika kifaa cha mistari miwili, ambacho upande mmoja hupita katika mfereji uliosalia na wa pili huchora mpya.

Weka taa imulike kutoka ubavuni, ili kila mfereji uonyeshe kivuli chake. Kata kwa misukumo mifupi bila kukandamiza, ukipitia kidogo tu mistari yote ya upande mmoja, kisha ya upande wa pili, na kurudia hivyo mpaka vialmasi, yaani vichongo vidogo vinavyobaki kati ya mistari iliyokatana, vichongoke. Wenye haraka humaliza kina cha mstari mmoja kabla ya kugusa mwingine, na matokeo yake ni vialmasi vya urefu tofauti, vingine vimebanduka. Ukikaribia ukingo, geuza kifaa ukate kuelekea ndani, kwani mkwaruzo uliovuka ukingo haufichiki.

Mwisho, paka kwa mswaki matone machache ya mafuta ya kitani, ukaushe ziada papo hapo yasigande mferejini. Kitambaa ulichotumia usikikunje. Kitandaze nje kikauke, maana mafuta hayo huweza kuwaka yenyewe.