Kabla Hujauliza Chambo, Uliza Maji Yanapwa Saa Ngapi

Wiki iliyopita kijana mmoja ameniandikia: "Kaka, hatimaye nimepata kiboti changu cha kwanza. Jumamosi naingia mtoni. Nitumie chambo gani?"

Nilifurahi kwa ajili yake, kwa sababu siku ya boti ya kwanza naikumbuka mpaka leo. Lakini nilirudia ujumbe wake mara tatu nikitafuta mahali alipotaja maji, sikupaona. Hakusema mwezi uko wapi. Hakusema maji ya bahari yanayoingia mtoni yanajaa saa ngapi wala yanapwa saa ngapi. Na mimi wakati wangu niliuliza swali hilihili, nikajibiwa vizuri sana kuhusu chambo, na habari ya maji hakuna aliyenigusia. Kwa hiyo namjibu hapa, nanyi wengine msome, maana najua mnaopita hapa kila mmoja ana boti au anaidunduliza.

Kwanza niwaambie siku niliyopwelewa, yaani maji yalipopwa yakaiacha boti yangu juu ya tope.

Ilikuwa kesho yake baada ya mwezi mpevu. Mimi na rafiki yangu, tuliokua pamoja, tuliondoka mapema, maji yanajaa, mto umenona mpaka kwenye mizizi ya miti ya ukingoni. Boti ilipanda mto yenyewe, mashine haikutoka jasho. Tukaingia kwenye hori moja jembamba, mkono mdogo wa mto, ambalo siku nyingine huwa halipitiki. Nilijiona nahodha. Humo ndani kulikuwa na mkizi wa kuhesabu kwa macho, na nyuma yao wakubwa waliowafuata. Maji yalipogeuka, mnamo saa nne, samaki wakaanza kula kama waliofunga mwezi mzima. Tulitupa, tukavuta, tukatupa. Rafiki yangu aliniuliza mara moja tu, "Maji hayapungui haya?" Nikamwambia bado tuna muda.

Nataka mwelewe hesabu ambayo sikuijua siku ile. Maji hayapungui sawasawa kila saa. Chukua maji yote yatakayoshuka, yagawe mafungu 12. Saa ya kwanza linaondoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Maana yake nusu nzima ya maji inaondoka katika saa mbili za katikati. Mahali ambapo maji hushuka mita 3, katika saa hizo mbili inaondoka mita moja na nusu, yaani kila dakika 20 maji yamekata zaidi ya shubiri moja. Saa ya kwanza inakudanganya. Unaangalia ukingo, unaona alama ya unyevu imeshuka kidogo, unasema bado. Ukija kugeuza shingo, mto si ule.

Saa sita na nusu mchana tuliwasha mashine tutoke. Kwenye mdomo wa hori kulikuwa na kizingiti cha tope ambacho asubuhi tulikipita juu bila kukiona. Boti ikapanda pale, ikalala ubavu. Rafiki yangu akaruka chini asukume.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Tope lilimshika mpaka mapajani, na kila alipochomoa mguu mmoja wa pili ulizama zaidi. Nilimwona usoni akibadilika rangi. Nikamrushia kafi alishike kwa upana, nikamwambia asisimame tena, alale kifudifudi juu yake kama anayeogelea, aliachie kafi uzito wa mwili. Tulihangaika karibu nusu saa. Alipotoka, viatu vimebaki chini, na tope limemfika shingoni. Sikiliza hili hata ukiacha mengine yote: boti ikipwelewa juu ya tope, usishuke. Kaa ndani. Ukishanasa, usipigane nalo ukiwa umesimama. Lala, tandaza mwili, chezesha miguu polepole mpaka maji yaingie kati ya ngozi na tope, kisha itoke.

Tulikaa pale kwa muda wa saa saba. Chupa moja ya maji kwa watu wawili, jua la utosi, samaki wote wakaharibika mbele ya macho yetu. Saa moja unusu usiku maji yakarudi, yakaanza kulamba ubao, boti ikatikisika, ikaelea. Mwezi ulikuwa umechomoza mwekundu, na kwa mwanga huo ndio tuliorudi, safari hii tukipambana na maji yanayojaa, bila taa.

Rafiki yangu hakupanda tena boti yangu. Hilo ningelielewa. Kilichoniuma ni kwamba alizunguka akisema kwa watu, "Yule atakuua." Tumesalimiana tangu hapo, tumezikana hata, lakini neno lile halijanitoka. Sijawahi kumjibu. Jibu langu nimelifanya mtoni, kila safari, na tangu siku ile sijapwelewa hata mara moja.

Sasa nikueleze nilichojifunza, mdogo wangu. Maji yana ratiba. Kutoka kujaa hadi kujaa kunakofuata ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kesho maji yatajaa kama dakika 50 baada ya leo. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, siku moja au mbili baadaye, ndiyo bamvua: maji yanapanda juu sana na kushuka chini sana, na mkondo una nguvu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanacheza katikati. Na kuna jambo ambalo wengi hawalizingatii: mahali pamoja, bamvua hujaa karibu saa zilezile mwaka mzima. Kwenye mto wangu ni kama saa tatu asubuhi na saa tatu usiku. Nikitazama mwezi tu najua siku itakavyokuwa kabla sijafungua jedwali la saa za maji. Ujue saa ya bamvua ya mto wako kama unavyojua jina la mama yako.

Halafu kumbuka jedwali linasema habari za mlangoni mwa mto. Juu mtoni maji yanachelewa, na kadiri unavyopanda ndivyo yanavyochelewa. Mto Amazon nguvu ya bahari inasikika mpaka mamia ya kilomita bara. Juu mtoni pia kujaa kunakuwa kwa haraka na kupwa kunakokota, hivyo saa sita za kujaa kwa sita za kupwa usizitegemee kama sheria. Mvua ikinyesha bara nayo inabadilisha kila kitu: maji yanayotoka yanapata nguvu, yanayoingia yanachelewa. Andika mwenyewe. Mimi nina daftari. Kila safari naandika maji yaligeuka saa ngapi na nilikuwa wapi. Mwaka mmoja wa daftari umenifunza kuliko maneno yote niliyowahi kusikia gatini.

Jumamosi iliyopita daftari lile lilinilipa. Mwezi ulikuwa umepita nusu kwa siku tano, maji yanaanza kurudisha nguvu. Niliondoka saa kumi na moja unusu alfajiri, nikapanda na maji ya mwisho ya kujaa. Kabla ya saa moja nilikuwa nimeshatia nanga, safari hii nje ya hori, upande wa chini wa mdomo wake, pale tope linapokatika na kuwa kina. Hori lilelile. Nimelirudia kwa makusudi.

Maji yakasimama. Mtu asiyezoea anadhani hakuna kitu. Mimi huo ndio muda wangu wa kufunga ndoana upya na kunywa maji. Kisha jani moja kavu lililokuwa limetulia kando ya boti likaanza kusogea, taratibu, kuelekea baharini. Nikatazama saa: saa moja na dakika tano. Katika robo saa, hori likaanza kutema. Maji ya kahawia yakatoka yakakutana na yale masafi ya mtoni, ukachorwa mstari kama uliopigwa kwa rula. Visamaki na kamba wadogo hawana nguvu ya kubaki ndani, wanatoka na maji, na wakubwa wanawasubiri kwenye mstari ule. Yangeyange wawili walishasimama pembeni, nao wanajua.

Nilitupa juu ya mkondo nikaiacha chubwi, kile kizito cha kuzamisha ndoana, iburuzike chini. Mara ya kwanza kidole kilisikia kitu kama mtu anayegonga mlango kwa kucha. Ukivuta hapo umemkosa. Nikangoja. Mshipi ukalegea, ukasimama, kisha ukaondoka wote kwa pamoja kwenda upande wa mizizi. Kelea. Alinivuta mpaka mshipi ukanikata kwenye kiungo cha kidole cha shahada, alama ninayo ninapoandika. Kufika saa tatu nilikuwa nao watano, na hongwe mmoja niliyemrudisha kwa uangalifu kwa ajili ya miiba yake.

Saa tatu kamili niling'oa nanga. Samaki walikuwa bado wanakula. Nataka usome sentensi hiyo tena. Saa ya tatu ya kupwa ilikuwa inaanza, na nilishajiwekea saa hiyo tangu usiku, kabla sijajua kama kutakuwa na samaki au la. Saa ya kurudi inapangwa nyumbani. Mtoni, ndoana ikiwa mdomoni mwa samaki, hakuna binadamu anayepanga vizuri. Nilishuka na maji yaleyale, mashine chini chini, na nikafika kabla upepo wa baharini haujaamka. Upepo ule ukikutana na maji yanayotoka, mlangoni panasimama mawimbi mafupi yaliyosimama wima, na kiboti kidogo hakina la kufanya pale. Vijana wengi wanaogopa kina. Ogopa mlango wa mto saa nane mchana maji yakiwa yanatoka.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Nanga itoke omo, yaani mbele ya boti, usiifunge tezi, yaani nyuma, hata kwa dakika moja. Huko nyuma kuna mashine na ubao mfupi, mkondo ukivuta maji yanaingia na boti inazama ikiwa imefungwa. Amari, ile kamba ya nanga, iwe angalau mara tano ya kina, na ufunge boya kwenye ncha yake ili siku ya shida uiachie uondoke. Jaketi okozi livae, usilikalie. Taa, hata ukienda asubuhi. Maji ya kunywa kwa siku nzima, hata ukienda kwa saa tatu. Mwachie mtu nyumbani saa ya kurudi kwako. Na mashine ni ya kusaidia tu, makafi yawemo.

Na uangalie saa ya maji. Nimeshasema, nasema tena, kwa sababu najua utasoma haya yote kisha utaniuliza rangi ya mshipi. Acheni kushindana kwa picha za samaki. Kuna wazazi wanasimama ukingoni jioni wakihesabu boti zinazorudi. Mama yangu alisimama hivyo siku ile mpaka saa tatu usiku, na nilipofika hakunigombeza. Alinishika mkono uliojaa tope akaufuta kwa khanga yake, kidole kimoja kimoja. Ningependa angenigombeza.

Basi, chambo. Tumia kamba hai, ukubwa wa kidole. Mshike kwa mgongo usimminye. Ukimtazama kwenye mwanga utaona kichwani doa jeusi. Hilo usiliguse, ukilitoboa amekufa. Pitisha ndoana mbele ya doa, chini ya ule mwiba wa kichwa, itokee upande wa pili. Akikaa sawa ataogelea majini kama hajafungwa. Mshushe kwenye mstari wa maji ya kahawia, dakika kama 40 baada ya maji kugeuka. Kisha uniandikie yaligeuka saa ngapi.