Mtafute mwandishi kwanza, video baadaye

Ndugu yangu, umeuliza kama simu ya video itasaidia, maana taarifa unazowatumia waandishi wa habari hazijibiwi. Itasaidia, ila usianze nayo. Asubuhi, kabla taarifa ya habari ya saa mbili usiku haijaanza kumkimbiza, mtumie mwandishi ujumbe wa WhatsApp: una habari gani, na nani atazungumza. Akikubali, ndipo mpige video. Kaa ukilitazama dirisha. Likiwa mgongoni uso wako unakuwa kivuli kitupu. Na ufunge mlango: Machi 2017 Profesa Robert Kelly alikuwa akihojiwa na BBC akiwa Busan, Korea Kusini, watoto wake wakaingia chumbani, wakaonekana hewani. Kama ni redio, jirekodi sauti kwa simu ya pili, umtumie. Intaneti ikikatika, bado ana sauti yako safi.