Maswali yenu: Mtoto hagomi kula, anapaliwa

SWALI: Shikamoo dada. Nina mtoto wa miaka mitatu ana mtindio wa ubongo, tuko Morogoro. Shida yangu ni kula, bakuli moja la uji linachukua saa nzima, anausukuma uji kwa ulimi unarudi wote nje, anakohoa mpaka machozi, nusu ya chakula inaishia kwenye kanga yangu. Mama mkwe anasema namdekeza, yeye akimlisha anamlaza chali mapajani anambana pua anammiminia na kweli bakuli linaisha dakika kumi. Lakini mwaka huu tumelazwa kwa nimonia mara tatu na uzito haupandi. Nifanyeje maana humu ndani ni ugomvi kila siku?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Naanza na nimonia kabla ya ugomvi maana mi naona ni kitu kimoja. Kooni kuna njia mbili jirani, ya chakula na ya hewa, na kila tukimeza ile ya hewa inajifunga. Sasa mtoto umemlaza chali, kichwa kimeanguka nyuma, njia ya hewa iko wazi, alafu umembana pua kwa hiyo lazima avute pumzi kwa mdomo na mdomo huo huo umejaa uji. Uji utaenda wapi? Wewe unaona bakuli limeisha kumbe yalioshiba ni mapafu. Sijamuona mtoto ila nimonia tatu ndani ya mwaka kwa mtoto anayelishwa hivyo, hicho ndio kitu cha kwanza ningekishuku.

Bibi usigombane nae lakini. Wengi wetu tumenyweshwa hivyo hivyo, kiganja kidevuni uji unamiminwa, ila mtoto mwenye misuli yake sawa akipaliwa anakohoa kwa nguvu anautoa. Wa kwako, kwa kuwa mtindio wa ubongo unamfanya asiweze kuiongoza vizuri misuli yake, kikohozi chake kinaweza kuwa dhaifu, na kuna watoto hawakohoi kabisa, uji unashuka kifuani kimya kimya. Kwa hiyo sikiliza pia sauti yake baada ya kula kama ina majimaji kama mtu anayesukutua, angalia midomo kama inabadilika rangi, pumzi kwenda mbio, homa za kila mara. Na ule ulimi unaosukuma sio ukaidi, misuli yake haijaweza kupeleka chakula nyuma, na hapo bakora wala kubembeleza havisaidii kitu.

Cha kwanza kabisa ni mkao. Mkalishe wima, nyonga zimekunjwa, miguu imekanyaga kitu isining'inie, kichwa katikati na kidevu kimeinama kidogo kama anaangalia tumbo lake. Kama hana kiti kaa kwenye kigoda umpakate, mkono wako upite nyuma ya mabega, usimsukume kisogo maana wengi ukiwagusa kisogo ndio wanajinyoosha nyuma kama upinde. Kijiko kitokee mbele na chini, ukimlisha umesimama atakutazama juu na kichwa kitarudi nyuma tena, kazi yote bure.

Kijiko kiwe kidogo kisicho na kina, chakula nusu tu, weka katikati ya ulimi ubonyeze chini kidogo, subiri mdomo ufunge, kisha toa moja kwa moja bila kukwangua kwenye meno ya juu. Akiking'ata usivute, subiri aachie. Na kingine kisiingie kabla hajameza cha kwanza, hapa ndio tunapokosea wote kwa sababu ya haraka, ugali uko jikoni na maji ya bomba yanakaribia kukatika.

Alafu uji mwepesi. Watu wanadhani chakula kikiwa chepesi ndio rahisi kumeza, kwa watoto hawa mara nyingi ni kinyume, kile chepesi kinakimbia kooni kabla hajajiandaa. Pika mzito, ukiinamisha kijiko udondoke polepole. Mtori uliopondwa vizuri, boga, viazi na parachichi, vyote safi, ila supu nyepesi yenye vipande ndani yake achana nayo kwa sasa maana inamtaka afanye kazi mbili kwa mpigo. Na kwa kuwa anachoka mapema, kile kidogo anachokula kiwe na nguvu, tia mafuta, yai, karanga iliyosagwa ikalainika kabisa. Maji mpe kwa kikombe cha plastiki ulichokata upande mmoja sehemu ya pua na ukalainisha ukingo, hapo anakunywa bila kuinua kichwa.

Dakika 30 zikifika acha hata kama bakuli halijaisha, bora umpe mara tano sita kwa siku. Akimaliza msafishe kinywa na abaki wima nusu saa.

Haya yote hayatoshi bila mtu kumuona akila. Nenda idara ya mazoezi ya viungo hospitali ya mkoa, na kama unaweza kufika Dar kuna hospitali ya CCBRT pale Msasani, beba uji wake na kijiko chake uombe wakuangalie unavyomlisha. Waambie pia kuhusu choo kigumu na dawa za degedege kama anatumia, vyote vinaweza kukata hamu ya kula. Wakikutajia mpira wa kulishia wa puani au wa tumboni usilie kwanza, wasikilize, kwa mtoto ambaye kumeza kwake sio salama ndio unaomrudishia uzito. Na bibi nenda nae, akionyeshwa na mtaalamu atakubali, akionyeshwa na mkwe hatakubali.

SWALI: Wangu ana miaka miwili na nusu, mzima kabisa, ila ni chipsi na maziwa tu, anamaliza kama lita moja kwa siku. Tunamlisha kwa kumuwekea katuni. Baba, Tanga.

JIBU: Baba, lita nzima ya maziwa kwenye tumbo la saizi ile, wali ukae wapi? Shusha taratibu mpaka isizidi nusu lita, maziwa mengi yanamnyima pia madini ya chuma, mpime damu. Zima katuni, kaeni mle wote, mwekee chakula chenu kidogo pembeni ya chipsi na usimfukuze na kijiko. Atakikataa, kesho weka tena, chakula kigeni kinaweza kuhitaji kuonekana hata mara kumi kabla mtoto hajakionja. Ila kama anatapika akigusa tu kitu laini, au aina za vyakula zinazidi kupungua badala ya kuongezeka, au kuongea nako kumechelewa, hapo usingoje, mpeleke akaangaliwe.