Je, kumrudisha shule binti aliyejifungua kunachochea mimba?

Ndugu, hoja yako kwamba kuwarudisha shule mabinti waliojifungua "kutafungulia wengine njia" haiendani na takwimu za hapa Tanzania. Tuliwafukuza kwa miaka mingi, hata kabla ya kauli ya Rais Magufuli ya 2017 kwamba aliyejifungua hatarudi shule. Je, mimba zilipungua? Mwaka 2010, wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au kuwa wajawazito walikuwa asilimia 23. Kufikia 2015/16 wakafika 27. Wakati huo Zanzibar, iliyokuwa ikiwaruhusu kurudi tangu 2010, ilikuwa na takriban asilimia 8. Najua dini na malezi ya kule navyo vina mchango, kwa hiyo sisemi ni sera peke yake. Ila hofu ya "watazaliana darasani" haikutimia.

Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 22. Hapo pia tusikimbilie kuusifu uamuzi wa Novemba 2021 wa kuwarudisha, maana ulikuwa na miezi michache tu.

Mimi naona tunaelekeza macho pasipo. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama ya Rufani ilisema 2019 kwamba hilo linakiuka Katiba. Binti akiacha shule kwa sababu ya mimba na hana pa kurudi, ndoa hiyo ndiyo inayomsubiri, na mtoto wa pili hachelewi.